Kairopraktiki na majeraha ya michezo

Kairopraktiki ni tiba ya mikono inayoshughulika na uti wa mgongo, viungo na misuli. Mtabibu wake huangalia jinsi mgonjwa anavyosimama, anavyotembea na anavyokunja viungo, kisha hukisukuma kiungo kilichokakamaa kwa msukumo mfupi na wa haraka, ambao mara nyingi hutoa mlio. Hatumii kisu wala sindano. Kwa wanamichezo, tiba hii hutafutwa zaidi kwa maumivu ya kiuno, shingo, nyonga, bega na kifundo cha mguu, yaani enka.

Makala hii inaitazama tiba hiyo kutoka Kibaoni, kata ya Mji wa Ifakara katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Hapo, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mchezaji aliyeumia hushikwa kwanza na mwenzake, na mchua misuli wa timu au na mzee anayejulikana kwa kuunga mifupa, kabla hajaonwa na mtu wa hospitali. Mkono una kazi yake katika kupona, lakini kazi hiyo inaanza baada ya jeraha kujulikana ni nini. Mkono ukitangulia uchunguzi, mguu ambao ungepona kwa wiki chache unaweza kuharibika kabisa.

Asili

Mwanzilishi wa kairopraktiki ni Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akiishi Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1895 alimsukuma mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo alilofanyia kazi, akatangaza kwamba kusikia kwake kulikopotea kumerudi. Miaka miwili baadaye alifungua chuo. Palmer alifundisha kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili za mgongo zilizohama mahali pake na kubana mishipa ya fahamu. Dai hilo halikuthibitika, na wataalamu wengi wa kairopraktiki wa leo wamelitupa. Waliobaki nalo ndio wanaodai kutibu pumu au kisukari kwa kusukuma mgongo, na mgonjwa ana haki ya kuwakwepa.

Uhasama kati ya taaluma hii na madaktari ulikuwa mkali. Palmer mwenyewe alifungwa jela mwaka 1906 kwa kutibu bila leseni. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake walikishtaki Chama cha Madaktari cha Marekani kwa kuwazuia madaktari wasishirikiane nao, na mwaka 1987 mahakama ikaamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani wa haki. Mwaka huohuo wa 1987 lilianzishwa shirikisho la kimataifa la kairopraktiki ya michezo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa tiba hii mwaka 2005. Kwa mujibu wake, mtu anayeanza bila msingi wa udaktari anahitaji saa zisizopungua 4,200 za masomo, na angalau 1,000 kati ya hizo ziwe za kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo yenye historia ndefu ya kuifundisha tiba hii, katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg. Kwa upande wa Afrika Mashariki, kliniki zake ziko katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam. Kutoka Kibaoni hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400.

Mlio na maana yake

Watu wengi huamini kwamba mgongo au kidole kikilia, mfupa uliotoka umerudi. Sivyo. Ndani ya kiungo kuna ute unaolainisha, na ute huo una gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, shinikizo hushuka na kipovu cha gesi hujitokeza, sawa na soda inapofunguliwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za vidole vikivutwa ndani ya mashine ya MRI wakakiona kipovu hicho kikitokea wakati wa mlio. Hakuna mfupa uliohama.

Nafuu anayoisikia mgonjwa ni ya kweli hata hivyo. Msukumo huamsha neva za kiungo na misuli, misuli iliyojikaza hulegea kwa muda, na ubongo hupunguza ukali wa maumivu. Ni dirisha la saa au siku chache ambalo mchezaji anaweza kufanya mazoezi aliyoshindwa jana. Asipolitumia, maumivu hurudi na yeye hurudi kitandani kusukumwa tena. Tiba inayomfanya mchezaji aitegemee mikono ya mtu mwingine kila wiki haijamponya.

Ushahidi

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye kiuno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba ya kusukuma mgongo miongoni mwa njia zinazoweza kutumika, pamoja na elimu kwa mgonjwa na mazoezi yaliyopangwa, na unakataa mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo zitolewe kwa mazoea. Kwa ujumla tafiti zinaonyesha kwamba nafuu yake inakaribiana na ile ya mazoezi, haiyazidi.

Kwa michezo, tafiti ni chache na ndogo. Unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2010 na ulihusu wachezaji 59 wa kandanda ya kanuni za Australia. Karibu nusu yao walipata kairopraktiki pamoja na huduma ya kawaida ya timu, na kundi hilo lilikuwa na majeraha machache ya misuli ya miguu. Kwa nyama za nyuma ya paja, tofauti haikutosha kutoa hukumu. Mtu anayekuambia kwamba kairopraktiki imethibitishwa kuponya majeraha yote ya michezo amevuka mpaka wa kile kinachojulikana.

Kibaoni na bonde la Kilombero

Ifakara ina jina kubwa katika historia ya afya. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy alianzisha hapo maabara ya utafiti ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa kazi yake ya malaria na mbu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ndiyo hospitali ya rufaa ya bonde, na Kibaoni ina kituo chake cha afya. Kijana wa hapa aliyeumia Jumapili jioni, kwa hiyo, hayuko mbali na mtu wa kumpima. Kinachomchelewesha ni imani kwamba enka iliyoteguka ni ya kukandwa nyumbani, pamoja na hofu ya gharama.

Mwili anaouleta uwanjani nao una historia. Wachezaji wa timu za mtaani katika bonde hili wengi ni watu wa jembe, wa kupandikiza mpunga wakiwa wameinama kutwa, wa kubeba magunia, wa kuendesha bodaboda na baiskeli. Kiuno kinafika mechini kimechoka tayari. Masika hujaza maji sehemu kubwa za bonde. Kiangazi udongo hukauka na kupasuka, na uwanja hubaki na mashimo yanayogeuza wayo. Wengine hucheza pekupeku, wengine kwa njumu za kuazima zisizowatosha.

Mchua misuli ni mtu wa thamani, na timu ndogo zinastahili kumpa mafunzo badala ya chupa ya dawa ya kuchua peke yake. Mtaalamu aliye karibu zaidi na kazi ya kairopraktiki katika mfumo wa afya wa Tanzania ni mfiziotherapia, naye hutumia mikono na mazoezi kwa pamoja. Chuo cha fiziotherapia cha KCMC mjini Moshi kimetoa wataalamu hao kwa miaka mingi. Waganga wa kuunga mifupa nao wanatambuliwa: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili watoa huduma wa aina zote mbili. Anayejitangaza kuwa mtaalamu wa kairopraktiki anapaswa kuweza kuonyesha chuo alikosoma na usajili wake.

Enka

Hili ndilo jeraha la kila wiki. Wayo unapinduka kuelekea ndani, kano za upande wa nje zinavutika au kukatika, na ndani ya saa moja kifundo kimejaa. Swali la kwanza ni kama mfupa umevunjika, na kuna njia ya kulijibu hapohapo pembeni mwa uwanja. Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, waliitoa mwaka 1992 ili kupunguza picha za eksirei zisizo za lazima. Inafaa kila mchua misuli aijue kwa vidole vyake.

Mpimaji abonyeze ukingo wa nyuma wa kifundo cha nje, kuanzia nchani hadi sentimita 6 kwenda juu, kisha afanye vivyo hivyo kifundo cha ndani. Abonyeze kinundu cha mfupa kilicho katikati ya ubavu wa nje wa wayo, kwenye mstari wa kidole kidogo. Abonyeze mfupa uliojitokeza upande wa ndani wa wayo, mbele ya kifundo. Mwisho, mchezaji ajaribu kutembea hatua nne; kuchechemea si kosa. Ikiwa mfupa wowote kati ya hiyo unauma kwa kubonyezwa, au hatua nne zimemshinda tangu alipoumia hadi anapopimwa, aende kupigwa picha. Yote yakiwa salama, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki hakimfai mtoto mdogo, aliyelewa, aliyeumia kichwa, wala mwenye ganzi miguuni.

Siku mbili au tatu za mwanzo mguu ufungwe bandeji isiyobana mno, uinuliwe juu ya mto, na barafu iwekwe juu ya kitambaa kwa dakika chache kama ipo, kwa kuwa inapunguza maumivu. Maji ya moto yenye chumvi, yanayopendwa sana, yangoje. Joto na kuchua kwa nguvu katika siku hizo huongeza damu na uvimbe.

Baada ya hapo mguu lazima ufanye kazi. Mchezaji aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, asimame kwa mguu mmoja akipiga mswaki, kisha afumbe macho akiwa amesimama hivyo. Enka iliyoteguka hupoteza hisia ya kujua ilipo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuteguka tena na tena. Hapa ndipo mikono ya mfiziotherapia au ya mtaalamu wa kairopraktiki inasaidia kweli: kifundo mara nyingi hubaki kizito kukunja wayo kwenda juu, na kusukumwa taratibu kwa mfupa wa kifundo kuelekea nyuma hurudisha mkunjo huo. Kujua kama umerudi, mchezaji asimame na kukunja goti kuelekea ukutani bila kuinua kisigino, kisha alinganishe na mguu wa pili.

Kurudi uwanjani kusihesabiwe kwa siku. Mguu ulioumia uweze kuinua kisigino mara nyingi kama mzima, uruke upande hadi upande, ukimbie kwa kasi na kusimama ghafla bila maumivu.

Paja

Majeraha mawili tofauti huitwa jina moja mitaani. La kwanza ni nyama za nyuma ya paja kuchanika mchezaji anapokimbia kwa kasi. Hushika paja ghafla na kusimama. La pili ni paja la mbele kupigwa goti na mpinzani. Hili la pili ndilo linaloharibiwa zaidi na kuchua. Damu imevuja ndani ya msuli, na ikisuguliwa kwa nguvu siku za mwanzo, msuli unaweza kuota mfupa ndani yake, na mchezaji akashindwa kukunja goti kwa miezi. Paja la namna hiyo lipumzishwe goti likiwa limekunjwa, likibanwa kiasi.

Kwa kuzuia nyama za nyuma zisichanike, kuna zoezi lisilohitaji kifaa: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshikilia vifundo, naye anajishusha mbele polepole akizuia kwa mapaja. Zoezi hilo liko ndani ya FIFA 11+, mpango wa dakika kama 20 wa kupasha mwili. Mpango huo ulijaribiwa mjini Lagos, Nigeria, kwa wachezaji wa ligi ya vijana, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yamepungua kwa asilimia 41. Vijana hao walichezea mazingira yanayofanana na yetu, kwa hiyo kocha wa Kibaoni hana haja ya kusubiri kliniki ifunguliwe.

Wasiofaa kusukumwa

Aliyegongwa kichwa au shingo asiguswe shingo. Hata kwa mtu mzima wa afya, kupindua shingo ghafla kunaweza, kwa nadra, kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda na kutokwa jasho usiku yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa uliopo Tanzania. Pingili iliyoliwa na ugonjwa huo inaweza kuvunjika ikisukumwa. Kijana mwenye selimundu akilalamika maumivu ya nyonga asinyooshwe kwa kudhaniwa amekaza misuli, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu. Mwenye ganzi sehemu za siri, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo baada ya kuumia kiuno, anahitaji kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, na huenda akahitaji upasuaji wa haraka.

Na aliyefungwa vipande vya mti au bandeji baada ya kuumia, vidole vyake vikivimba, vikipoa, vikibadilika rangi au kuuma kupita kiasi, afunguliwe mara moja na kukimbizwa hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Misuli iliyonyimwa damu huanza kufa ndani ya saa chache.