Ishara ya Bubu Mbele ya Sheria

Katika mwaka wa 531 Kaisari Justinian alitoa amri katika mji wa Constantinople iliyowagawa viziwi na mabubu mafungu matano. Aliyepotewa na kusikia na kusema baada ya kujua kuandika aliweza kuusia mali yake kwa hati ya mkono wake. Kiziwi asemaye hakuzuiliwa. Lakini aliyezaliwa kiziwi na bubu pamoja hakuwa na ruhusa ya kuandika wasia, wala kumwacha huru mtumwa wake. Kitabu cha sheria cha mwaka wa 533 kikaamuru viziwi na mabubu wawekewe waangalizi wa mali, kikiwataja sambamba na wenye wazimu.

Msomaji asidhani kwamba amri ile ilitungwa kwa ukatili. Ilijitahidi kupambanua. Kosa lake ni kuipima akili kwa ulimi na kalamu. Na kiziwi tangu kuzaliwa, zama zile, angefundishwa kalamu na nani?

Mji ule ule, ndio Stambuli, ulitoa jibu jingine. Baina ya 1869 na 1876 baraza la wanasheria chini ya Ahmet Cevdet Pasha lilitunga Majalla, sheria ya madai ya dola ya Waturuki, yenye kanuni 1851. Kanuni ya 70 yaeleza kwamba ishara za bubu zilizozoeleka ni sawa na maelezo ya ulimi. Baraza halikuizua, mafakihi wa Kihanafi walikuwa nayo tangu karne nyingi, na kwa ishara bubu aliuza, alinunua na kuoa. Tena katika kasri ya masultani watumishi mabubu walikuwa wengi, hata wakuu wa pale wakajifunza ishara zao. Mji uliozoea hayo haukuona ajabu kadhi kusoma vidole.

Uzito wa kanuni umo katika neno “zilizozoeleka”. Ishara haizoeleki ila kwa mtu aliyejitaabisha kuijua. Basi sehemu ya mzigo wa kufahamiana ilimwangukia asikilizaye.

Hata hivyo Majalla ilikuwa na mpaka wake. Kanuni ya 1686 ilikataa ushahidi wa bubu na wa kipofu: bubu aliweza kuuza nyumba yake, asiweze kushuhudia kwamba jirani ameuza yake. Na mwenye wazimu alibaki chini ya mwangalizi, kama siku za Justinian. Uturuki iliiacha Majalla mwaka wa 1926, ikatwaa sheria iliyotokana na ya Uswisi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008 na Tanzania mwaka wa 2009, umeuvuka mpaka huo. Kifungu chake cha 12 chadai kwamba kila mwenye ulemavu, hata wa akili, atambuliwe kuwa mwenye uwezo mbele ya sheria, na apewe msaada wa kuamua mwenyewe badala ya kuamuliwa. Kwa bubu jambo hili lina mizizi ya kale. Kwa mgonjwa wa akili ni jipya kabisa, na ndipo dola nyingi zilizouridhia mkataba zingali zikisitasita.