Ekari, Hekta na Kilomita ya Mraba: Vipimo vya Eneo katika Historia ya Ardhi ya Shinyanga na Geita

Historia ya uchimbaji wa madini Shinyanga na Geita imeandikwa zaidi kwa wakia za dhahabu na karati za almasi kuliko kwa ukubwa wa ardhi. Hata hivyo, mgogoro wa fidia huanzia kwenye ardhi, na huko vipimo vitatu hukutana bila kupatanishwa: mkulima huhesabu ekari, mchimbaji mdogo hekta, na kampuni kubwa kilomita za mraba.

Ekari ni urithi wa utawala wa Waingereza. Ina yadi za mraba 4,840, hivyo kiwanja cha mraba chenye ekari moja kina upande wa yadi 69.6 hivi. Yaelekea hiki ndicho chanzo cha kanuni ya vijijini ya hatua 70 kwa 70, kwa kuwa hatua ya mtu mzima hukaribia yadi. Nchi ilipohamia mfumo wa metriki baada ya uhuru, hatua ikaja kuitwa mita, na namba 70 ikabaki. Matokeo yake si madogo. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, ilhali ekari ni mita za mraba 4,047; tofauti ni zaidi ya asilimia 20. Mkulima aliyepima ekari tatu kwa hatua, akiamini kuwa ni mita, hutarajia hekta 1.47. Mpima ardhi humwandikia 1.21 hivi. Hekta 0.26 zinazokosekana hazikuporwa siku ya upimaji. Hazikuwapo tangu awali. Lakini anayelipwa fidia huiona namba ikipungua mara mbili, kwanza kutoka 3 hadi 1.21, kisha chini ya matarajio yake, na shaka yake inaeleweka. Kwa sababu hiyo, ekari inayotajwa katika mihtasari ya vijiji haifai kugeuzwa kuwa hekta kabla ya kujulikana ilipimwa kwa hatua, kwa mita au kwa macho tu.

Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ugeuzaji ni mwepesi: mwamba wa kimbalaiti wa hekta 146 ni kilomita za mraba 1.46, au ekari 361 hivi.

Geita ni vingine. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ziliweka kikomo cha hekta 10 kwa leseni ya mchimbaji mdogo wa dhahabu. Leseni maalumu ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita, iliyotolewa mwaka 1999, ilihusu kilomita za mraba 196.27. Asomaye namba tupu, 10 na 196, huona tofauti ya mara ishirini hivi. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100, hivyo leseni hiyo ni hekta 19,627, sawa na leseni ndogo 1,962 na ziada.