Mmisionari Aliyekaa Chini Kufundishwa Kiswahili

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: Mombasa, 1844. Nyinyi mnaosoma somo hili kwenye karatasi, wekeni kidole hapo kwanza, kisha tuendelee.

Leo nataka kuwaeleza habari za mwanafunzi mmoja. Hakuwa mtoto. Alikuwa na umri wa miaka 34, ana mke, amekwisha soma katika vyuo vikubwa, na juu ya hayo ilimbidi akae mbele ya mwalimu na kuuliza kitu hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Jina lake ni Johann Ludwig Krapf, na lugha aliyokuwa akijifunza ni hii ninayosema nanyi sasa.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa vibaya na jirani, akaugua kwa miezi mingi, na katika kulala huko akazoea sana kusoma. Alipopona akapelekwa shule ya mjini. Huko aliona ramani ya Afrika. Upande wa mashariki palikuwa karibu patupu, majina machache tu. Ninyi mnajua kwamba pwani yetu haikuwa tupu hata kidogo. Miji ilikuwako na watu walikuwako. Utupu ulikuwa katika elimu ya mchoraji wa ramani.

Akiwa na miaka 17 alikwenda Basel, katika nchi ya Uswisi, penye chuo cha kufundisha vijana wa misioni. Wengi wa vijana wale walikuwa watoto wa wakulima na mafundi. Maisha yalikuwa ya saa na kengele: sala, masomo, kazi za mikono, kisha masomo tena. Krapf hakukaa moja kwa moja. Alitoka, akasoma Chuo Kikuu cha Tübingen, kisha akarudi katika kazi ya misioni. Chama kilichompeleka Afrika kilikuwa cha Waingereza, Church Missionary Society, kwa sababu siku zile Waingereza wenyewe waliokubali kwenda mbali walikuwa wachache, na chama kikawa kinachukua Wajerumani wa Basel. Mwaka 1837 alikwenda Ethiopia, akajifunza lugha za huko, mwishowe akazuiwa kukaa. Ndipo akashuka kwa bahari mpaka Unguja. Ilikuwa Januari 1844.

Mtawala wa Unguja alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Alimpokea Krapf vizuri na kumpa barua kwa maliwali wake wa pwani, kwamba mtu huyu atendewe wema. Angalieni jambo hili: mmisionari Mkristo aliingia Mombasa kwa barua ya mfalme Mwislamu. Tukilisahau, hatutaelewa yaliyofuata.

Je, mtu mgeni huanzaje kujifunza lugha isiyo na kitabu cha kujifunzia? Krapf alijua Kiarabu. Basi aliwatafuta watu wa Mombasa waliojua Kiarabu na Kiswahili pamoja, akauliza kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine. Mkubwa kati yao alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Juni 1844, baada ya muda mfupi tu wa kukaa mjini, walianza pamoja kukitia katika Kiswahili kitabu cha Mwanzo, yaani kitabu cha kwanza cha Biblia. Mtu aweza kushangaa kwamba kadhi alikubali kazi hiyo. Mimi naona si ajabu kubwa. Ndani ya kitabu hicho mna habari za Adamu, za Nuhu na za Ibrahimu, na hizo kadhi alikuwa amezijua tangu utoto wake. Juu ya habari zenyewe aliweza kuwa mwalimu. Juu ya maneno ya Kiswahili alikuwa mwalimu bila shaka yoyote.

Taabu ya Krapf ilikuwa kubwa kuliko mnavyodhani. Mzungu amezoea kwamba neno hubadilika mwishoni. Katika Kiswahili neno hubadilika mwanzoni, na tena huwavuta wenzake. Nanyi fanyeni hivi sasa, kwa sauti: kitabu changu kimepotea. Vitabu vyangu vimepotea. Mmeona? Mmebadilisha neno moja, na mengine mawili yakafuata kama mashua zilizofungwa kamba moja. Ninyi hamkufundishwa jambo hilo na mtu; mlinyonya pamoja na maziwa ya mama. Krapf alilipata kwa kuandika, kufuta na kuuliza tena. Kisha palikuwa na jambo la lafudhi. Watu wa Mombasa husema ndia, watu wa Unguja husema njia. Mombasa husema kuteka, Unguja kucheka. Krapf alifundishwa kwa Kimvita, na ndivyo alivyoandika.

Alijifunza hayo yote katika msiba. Homa ilimwingia yeye na mkewe, Rosine, ambaye alikuwa mjamzito. Mwezi wa Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa. Baada ya siku chache mtoto naye akafa. Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf alikuwa hajatimiza mwaka mmoja pwani. Angeweza kurudi kwao, wala mtu asingemlaumu. Akabaki, akaendelea na maneno yake.

Mwaka 1846 akapata mwenzake, kijana wa miaka 26, Johannes Rebmann, naye mwanafunzi wa Basel. Wakahamia Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa. Wengi humjua Rebmann kwa sababu mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na wataalamu wa Ulaya wakambishia. Mimi nitawapa jambo lingine lake ambalo halitajwi mara nyingi. Kuanzia mwaka 1853 alijifunza lugha ya upande wa Ziwa Nyasa, na hakuwahi kufika huko. Mwalimu wake alikuwa Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa mtumwa wa Mswahili mmoja. Salimini alikuwa ametekwa na kuletwa pwani, na katika kichwa chake alikuwa amebeba lugha nzima ya kwao. Rebmann aliuliza, Salimini akajibu. Kamusi iliyotokana na majibu yale ilipigwa chapa mwaka 1877, nayo ina jina la Rebmann. Rebmann mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, amepofuka, baada ya miaka 29 Afrika.

Turudi kwa Krapf. Mwaka 1850, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walipanda chombo Mombasa, wakashuka kusini hata kupita Kilwa, karibu na Rasi Delgado. Basi Mafia hii aliipita. Mwaka huo huo akapiga chapa kwao Tübingen kitabu cha kueleza sarufi ya Kiswahili. Katika jina la kitabu aliandika Kisuáheli. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, miezi michache baada ya kufa kwake, na katika jina lake imeandikwa Suahili. Mtu yule yule, lugha ile ile, tahajia mbili. Ukikosea tahajia katika daftari lako, usione haya kupita kiasi.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Krapf alipoanza kazi yake, Kiswahili kilikuwa kimekwisha andikwa zamani. Kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: mashairi, tenzi, barua za biashara, mikataba ya mashamba. Krapf alilijua hilo vema, maana mwaka 1854 yeye mwenyewe alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi za Kiswahili, ukiwamo utenzi wa Herekali. Walakini katika vitabu vyake alichagua herufi za Kizungu. Sababu zake alizisema wazi. Alisema herufi za Kiarabu hazitoshi kwa sauti za lugha za Kiafrika. Na tena aliogopa kwamba herufi hizo zingewafungulia Waislamu njia ya kueneza dini yao bara. Sababu ya kwanza ina ukweli: katika maandishi ya kale msomaji alipaswa mara nyingi kukisia kama neno lina p au b. Sababu ya pili ilikuwa ya dini, wala haikuhusu sauti.

Wamisionari waliokuja baadaye Unguja walishika herufi hizo hizo. Mwaka 1890 Mafia ikawa chini ya Wajerumani. Mwanzoni serikali yao ilipokea barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini shuleni ikafundisha za Kizungu. Waingereza wakafuata. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya kukisanifisha. Kimvita cha kadhi Ali kikabaki pembeni. Herufi za Krapf zikabaki.

Fikirini maana yake hapa kwetu. Mzee wa Mafia aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, aliyeweza kuandika barua kwa nduguye Kilwa na kusoma jibu lake, siku moja aliulizwa kama anajua kusoma. Kwa hesabu mpya jibu lilikuwa hapana. Hakusahau kitu. Herufi ndizo zilizohama.

Mwaka 1970 Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha wilaya sita zikachaguliwa zifute kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971, na Mafia ilikuwa mojawapo. Babu na bibi zenu waliokwenda katika madarasa yale, jioni, baada ya shamba au bahari, walipewa vitabu vya herufi za Kizungu. Baadhi yao walikuwa wakishika kalamu kwa mara ya kwanza. Wengine walikuwa wakijifunza kuandika kwa mara ya pili, kutoka kushoto kwenda kulia, baada ya kuzoea kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi sijaona rejista iliyowatenga hao na wale.

Kwa zoezi la juma hili: mtafuteni katika kijiji chenu mtu mzima anayeweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwombeni kwa adabu aandike jina lake na jina la kijiji. Nanyi andikeni maneno hayo hayo chini yake kwa herufi zenu, kisha mleteni karatasi darasani. Katika kipindi kijacho tutasoma habari za Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864.