Kabla ya Kubonyeza: Nusu Karne ya Kompyuta na Somo la Maktaba

Katika miaka ya 1970 swali la mwanafunzi wa chuo kikuu lilikuwa na bei, na bei hiyo ilihesabiwa kwa muda. Mwaka 1972 kampuni ya Lockheed ya Marekani, iliyojulikana zaidi kwa ndege, ilianza kuuza huduma iliyoitwa Dialog. Chimbuko lake ni kazi ambayo Roger Summit na wenzake walikuwa wameifanyia NASA: kompyuta kubwa inahifadhi orodha za makala za kitaaluma, na mtu aliye mji mwingine kabisa anaipigia kwa laini ya simu na kuiuliza. Kila saa ya kuunganishwa ililipiwa, tena pesa nzito. Hakuna maktaba iliyokuwa tayari kumwachia kijana wa mwaka wa kwanza apapasepapase kibodi huku bili inakimbia.

Ndiyo maana kati ya mwenye swali na mashine alikaa mkutubi. Mtu akija na neno moja tu, tuseme malaria, hakuvuka nalo. Malaria ya wapi? Ya watoto au ya wajawazito? Unataka habari za dawa, au za mbu? Tangu mwaka gani? Majibu yaliandikwa kwenye karatasi, kila wazo likatafutiwa visawe vyake, kisha maneno yakaunganishwa kwa AND, OR na NOT, viunganishi vinavyotokana na mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Cork, Ireland, na kuchapisha kitabu chake kikuu mwaka 1854. OR ilipanua wigo, AND ikaubana, NOT ikatupa nje yasiyotakiwa. Simu ilipopigwa, kazi ya kichwa ilikuwa imeshafanyika.

Mimi nayahesabu mazungumzo hayo kuwa somo bora kabisa ambalo maktaba za vyuo zimewahi kutoa, ingawa hayakuwamo kwenye ratiba yoyote na wenyewe waliyaona kama njia ya kubana matumizi. Kasoro yake ni kwamba yalimfikia mtu mmoja mmoja, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mhadhiri au mtafiti mwenye fungu. Wanafunzi wa kawaida waliambulia ziara ya maktaba: katalogi hii hapa, majarida yako kule, tusipige kelele. Kulikuwa na vyuo vilivyofanya zaidi. Huko Earlham, chuo kidogo cha Indiana, tangu miaka ya 1960 Evan Farber aliwafuata wanafunzi darasani wakati uleule walipopewa kazi ya kuandika, akawaonyesha vitabu walivyovihitaji kwa kazi hiyo na si kwa nyingine. Lakini Earlham ilikuwa ndogo. Chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi kingepata wapi akina Farber wa kutosha?

Jibu moja lilitoka Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana. Tangu mwaka 1960 Donald Bitzer alikuwa akijenga pale mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO. Toleo la nne, la mwaka 1972, lilikuwa na skrini bapa ya plazima iliyowaka rangi ya machungwa na kuitikia ukiigusa kwa kidole. Fizikia ilifundishwa humo, lugha zilifundishwa humo, na wakutubi nao wakaingiza masomo yao. Mwaka 1979 wakutubi wawili wa Illinois, Mitsuko Williams na Elisabeth Davis, walichapisha tathmini ya masomo ya maktaba waliyoyaweka kwenye PLATO. Mashine iliuliza, mwanafunzi akajibu, akikosea ikamrudisha nyuma bila kukunja uso.

Masomo ya kompyuta ya wakati ule yalijikita kwenye jengo na vitu vyake: namna ya kusoma kadi ya katalogi, namna ya kutumia faharasa ya majarida. Hayo yalihitajika, wala siyadharau. Ila lile swali la mkutubi, unatafuta nini hasa, halikuwamo. Mashine ya miaka ya 1970 iliweza kusahihisha jibu, haikuweza kumhoji mtu juu ya swali lake mwenyewe.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1974, mtu ambaye hakuwa mkutubi aliipa shughuli hii jina. Paul Zurkowski alikuwa rais wa chama cha makampuni ya Marekani yaliyouza taarifa, na katika ripoti yake kwa tume ya taifa ya maktaba alitaka nchi nzima ifundishwe stadi za taarifa, akikadiria kwamba ni sehemu moja tu kati ya sita ya Wamarekani iliyokuwa nazo. Tukumbuke kwamba aliwasemea wafanyabiashara, na mtu anayejua kutumia taarifa ni mteja mzuri wa anayeiuza. Hata hivyo wazo lilishika. Mwaka 1989 kamati ya Chama cha Maktaba cha Marekani ilieleza mwenye stadi hizo ni nani: anayetambua kwamba anahitaji taarifa, anayeweza kuipata, kuipima na kuitumia.

Wakati kamati inaandika, bili ya muda ilikuwa inaondoka. CD ilikuwa imeingia. Maktaba ililipa mara moja kwa mwaka, ikaiweka kanzidata nzima kwenye kompyuta ya ukumbini, na mwanafunzi akakaa nayo atakavyo, peke yake. Kwa maktaba za Afrika Mashariki hii ilikuwa neema, kwa sababu CD haikuhitaji laini ya simu. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell kilianza kusambaza TEEAL, mkusanyo wa majarida ya kilimo kwenye CD kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambacho maktaba yake ilifanywa kuwa maktaba ya taifa ya kilimo mwaka 1991, ni miongoni mwa waliofaidika nao. Mwanafunzi wa kilimo aliyezoea kuambiwa jarida limeacha kununuliwa zamani sasa aliweza kusoma makala nzima bila mtandao wowote.

Mwezi Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji sita wakubwa walifungua HINARI, mlango wa kusoma majarida ya tiba zaidi ya 1,000 bure au kwa bei ya chini katika nchi maskini, Tanzania na jirani zake wakiwamo. Taasisi moja ilipewa jina moja la kuingilia na nywila moja, na kwa kawaida mwenye kuvitunza alikuwa mkutubi. Hapo kazi yake ikageuka kwa namna ambayo hakuiomba: akawa mwenye funguo. Mafunzo ya miaka hiyo yalimezwa na mambo ya kuingia, kwamba nywila ni hii, usiitoe nje ya chuo, bonyeza hapa, usifungue makala yenye picha nyingi. Mtandao ulipitia setilaiti na ulikuwa wa kusuasua. Kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM haikufika pwani yetu mpaka mwezi Julai 2009. Kumfundisha mtu kupima makala ambayo haijamaliza kufunguka ni kazi ngumu, na sidhani kuna haja ya kuwalaumu wakutubi wa kizazi kile.

Huko Austin, Texas, tatizo lilikuwa kinyume chake: mtandao ulikuwa mwingi, na wanafunzi karibu 50,000 walikuwa wamezama ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakutubi wa chuo kikuu cha huko, wakiwamo Clara Fowler na Elizabeth Dupuis, walijenga TILT, somo la mtandaoni lenye sehemu tatu: kuchagua chanzo, kutafuta, kupima. Mwanafunzi alichagua mada, akapita humo kwa kasi yake, akajibu maswali mwishoni na mhadhiri akaletewa matokeo. Jambo la busara zaidi walilofanya ni kulitoa kwa leseni huria, vyuo vingine vikalichukua na kulirekebisha. Masomo mengi ya kizazi hicho yalitengenezwa kwa Flash, na Adobe ilipoizika Flash mwisho wa mwaka 2020, yale ambayo hayakuwa yamehamishwa yalikufa nayo.

Sehemu ile ya tatu, kupima, ndiyo iliyokuja kuleta ubishi. Somo la mtandaoni linapenda maswali yenye jibu la ndiyo au hapana, kwa hiyo kupima tovuti kukageuzwa orodha ya kutia tiki. Orodha iliyovuma kuliko zote ilitungwa mwaka 2004 na Sarah Blakeslee wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Chico: je, ukurasa ni wa karibuni, unahusu mada yako, mwandishi ana sifa, mambo yake ni sahihi, lengo lake ni nini? Ikafundishwa mpaka ikazoeleka.

Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki 10 wa habari, na wanafunzi 25 wa Stanford. Mojawapo ya kazi walizopewa ilikuwa kulinganisha kurasa mbili kuhusu uonevu shuleni, moja ya chama kikuu cha madaktari wa watoto cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1930, nyingine ya kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa sababu za kisiasa. Majina yao yanafanana sana. Wanafunzi walisoma ukurasa kutoka juu hadi chini, wakaangalia nembo, marejeo, mpangilio, sawasawa na walivyofundishwa, na wengi wakakiamini kikundi kidogo. Hata baadhi ya wanahistoria waliyumba. Wahakiki waliuacha ukurasa baada ya muda mfupi, wakafungua vichupo vingine na kutafuta watu wengine wanasema nini juu ya wenye ukurasa ule. Hawakudanganyika. Orodha ya tiki ilikuwa imemfundisha mwanafunzi kumuuliza mshukiwa kama ni mwaminifu.

Tangu hapo maktaba nyingi zimeandika upya masomo yao. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na kwenye madawati ya wakutubi wa nchi nyingi yakaanza kufika maombi ya makala ambazo hazipo. Marejeo yenyewe yanapendeza: mwandishi ni mtu wa kweli, jarida ni la kweli, mwaka na kurasa zimo, makala haikuandikwa kamwe. Hakuna nembo ya kukagua wala ukurasa wa kusoma. Kinachofundishwa sasa ni kazi ya mikono hasa: fungua jarida lenyewe, tafuta juzuu na toleo, angalia kurasa hizo zina nini, kisha ingiza DOI, ile namba ya kudumu ambayo wachapishaji wengi wamekuwa wakizipa makala zao tangu mwaka 2000. Ikigoma kufunguka, au ikikupeleka kwenye makala inayohusu ng'ombe wa maziwa wakati wewe uliuliza malaria, umeshapata jibu lako.