Wakili Aliyekufa Bila Wosia

Mkenya yeyote wa umri wa wazazi wetu anaijua kesi ya S.M. Otieno. Muulize, atakwambia ni stori ya Mjaluo aliyeoa Mkikuyu, akafa, halafu pande mbili zikagombania maiti. Ni kweli. Lakini mimi nadhani tumekuwa tukisimulia nusu tu. Nusu ile nyingine ni ya karatasi ambayo haikuwepo.

Silvano Melea Otieno alikuwa wakili mwenye jina Nairobi. 1963 alimuoa Virginia Wambui Waiyaki, mwanamke aliyekuwa amepitia vita vya Mau Mau. Walifunga ndoa ya kiserikali, wakajenga maisha yao mjini. Tarehe 20 Desemba 1986 Otieno akaaga dunia. Wambui alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Alisema mumewe mwenyewe alimwambia hivyo. Ukoo wa Umira Kager, pamoja na Joash Ochieng' Ougo, ndugu ya marehemu, wakasema hapana: Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya.

Ikawa kesi ya nchi nzima. Mchimba kaburi alitoa ushahidi. Profesa wa falsafa, Odera Oruka, naye akaitwa kueleza mila za Wajaluo. Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire akaamua upande wa ukoo ndio wenye haki. Wambui akakata rufaa, na tarehe 15 Mei majaji watatu wakamwambia vilevile. Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei, siku 154 baada ya kufa. Mke wake hakuwepo.

Sasa skiza hii sehemu ambayo hatusimulii. Sheria yetu ya mirathi ilipitishwa 1972, ikaanza kutumika 1 Julai 1981. Yaani Otieno alikufa ikiwa imetumika zaidi ya miaka mitano, na yeye ni wakili. Lakini hakuacha wosia ulioandikwa.

Na hilo liliingia moja kwa moja kwenye uamuzi wa rufaa. Kuna tofauti ya watu wawili hapo. Mtu aliyeteuliwa kwenye wosia kusimamia mali hupata nguvu kutoka kwa wosia wenyewe, tangu siku marehemu anakufa. Pasipo wosia, msimamizi hupata nguvu siku ile tu mahakama inampa barua za usimamizi. Kabla ya hapo hawezi kwenda kortini kama msimamizi. Wambui hakuwa na barua hizo. Miaka zaidi ya ishirini ya ndoa, watoto, nyumba, na bado kisheria alifika mikono mitupu. Mpaka leo mawakili hutaja kesi hiyo kwa sababu ya jambo hilo, si kwa sababu ya ukabila.

Sisemi wosia ungemshindia kesi. Mahakama zetu zimeshasema matakwa ya marehemu kuhusu mazishi yanazingatiwa, lakini hayawafungi majaji. Ninachosema ni kwamba angesimama pale na kitu mkononi. "Aliniambia" ni neno zito nyumbani, lakini kortini ni jepesi. Hata kwa mali, wosia wa mdomo unakubalika tu kama ulisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe akafa ndani ya miezi mitatu.

Wengi huishia hapo na kusema, basi waume waandike wosia. Mimi naona swali gumu liko kwa yule aliyebaki. Mwenzako akishaenda, wewe ndiye karatasi ya mwisho iliyobaki kati ya watoto na vita. Nilipomuuliza nyanya yangu, ambaye ni mjane, kama ameandika wake, aliniangalia kama mtu aliyemuombea kifo. Ndivyo tulivyolelewa. Kutaja kifo ni kukiita.

Lakini angalia vile sheria imekaa. Mume akifa bila wosia, akaacha mke na watoto, vyombo vya nyumbani vinakuwa vya mjane kabisa. Mali nyingine anapewa haki ya kuitumia akiwa hai; baada yake ni ya watoto. Kwa hivyo mjane hawezi kuandika wosia akagawa shamba ambalo hati yake bado ina jina la marehemu. Mirathi ya marehemu kwanza, wosia wako baadaye. Familia ngapi unazijua zinalima ardhi yenye jina la babu aliyekufa zamani?

Na maisha hayasimami. 2003 Wambui aliolewa tena akiwa na miaka 67, na Peter Mbugua, kijana wa miaka 25. Nchi ilicheka. Wachache waliuliza swali la maana: ndoa mpya inafanya nini kwa karatasi za zamani? Jibu ni kwamba inafuta wosia uliokuwepo, isipokuwa kama uliandikwa ukiitaja ndoa hiyo inayokuja. Na kama sheria ilivyotungwa, mjane wa kike akiolewa tena alipoteza ile haki yake ya kutumia mali ya marehemu. Mjane wa kiume hakuwekewa sharti hilo. Wambui alifariki 2011, akiwa ameishi miaka 24 baada ya ile kesi.

Kuandika wosia si kazi ya matajiri. Uwe mtu mzima mwenye akili timamu, uandike, utie sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao waweke zao. Shahidi asiwe mtu unayemrithisha. Taja msimamizi unayemuamini, na umwambie karatasi iko wapi. Usimsahau anayekutegemea, maana mahakama inaweza kumpa fungu hata kama ulimruka. Waislamu wana utaratibu wao wa mirathi, na sheria inautambua.

Wazee wetu wanasema tusiseme mambo ya kifo. Wambui na mumewe waliyasema, kwa mdomo, ndani ya nyumba yao. Tatizo ni kwamba hayakuandikwa, na aliyeyasema alikuwa mochari.