Kutoka Juderia ya Rhodes hadi Lubumbashi

Wakaaji wengi wa Lubumbashi wamekwisha kupita mbele ya sinagogi ya mji wao bila kuuliza habari zake. Ilijengwa mwaka 1930, wakati mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukirudi kutoka maandamano ya Jumapili ya Matawi, kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliniuliza jengo lile ni la nani. Nikamjibu kwamba ni la Wayahudi. Akauliza walifikaje huku. Nikasema walikuja na Wabelgiji. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, kama hao ndio waliomwua Yesu. Nikasema: «Si wao, ni babu zao.»

Niliridhika na jibu hilo, maana lilionekana kuwa na kiasi. Baadaye, nilipoanza kusoma historia ya watu wale, nilitambua kwamba katika maneno machache nilikuwa nimekosea mara mbili: juu ya safari yao, na juu ya babu zao.

Wengi wao walitoka Rhodes, kisiwa cha Bahari ya Kati kilicho karibu na pwani ya Uturuki, ambacho leo ni sehemu ya Ugiriki. Wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Rodo: katika sura ya 21 ya Matendo ya Mitume, Mtakatifu Paulo anapita hapo kwa merikebu akielekea Yerusalemu. Mimi sijatia mguu Rhodes. Lakini mwalimu huzoea kuwasafirisha wanafunzi wake kwa chaki na ramani, na njia wanayopitishwa wageni katika mtaa wa Wayahudi wa kule si ndefu. Mtaa wenyewe uliitwa Juderia. Uko ndani ya mji wa kale, upande wa mashariki, ukiegemea ukuta na bandari. Tuifuate njia hiyo pamoja.

Mgeni huingia kutoka upande wa bahari, akipenya kuta nene za watawa-askari wa Mtakatifu Yohane. Shirika hilo lilianza kwa kuwatunza wagonjwa na mahujaji wa Yerusalemu, kisha likatawala Rhodes tangu mwanzo wa karne ya 14 mpaka mwaka 1522. Mbele kidogo ya ukuta, pembeni mwa Juderia, yapo magofu ya kanisa la Bikira Maria wa Ushindi. Watalii wengi huyapita haraka kwa kuwa mawe yaliyobaki ni machache. Sisi tusimame.

Mwaka 1480 jeshi la Waturuki liliuzingira mji, na mizinga yao ikaelekezwa hasa kwenye ukuta wa mtaa wa Wayahudi. Nyumba za Wayahudi zikabomolewa ili nyuma ya ukuta uliokuwa ukivunjika ujengwe mwingine. Wayahudi walibeba mawe na kupigana bega kwa bega na Wakristu. Tarehe 27 Julai Waturuki walipanda juu ya kifusi, na hapo hapo wakarudishwa nyuma. Kanisa lilijengwa kumshukuru Mungu na Mama Maria kwa ushindi huo. Mkuu wa shirika, Pierre d'Aubusson, Mfaransa, alisifiwa katika Ulaya nzima, na mwaka 1489 Papa akamfanya kardinali.

Mnamo mwaka 1502 kardinali huyo huyo, akiwa mzee sana, aliwaamuru Wayahudi wa Rhodes kuchagua: ubatizo au kuhama. Wengine walibatizwa, na sisi makatekista tunajua thamani ya ubatizo unaopokelewa namna hiyo. Wengine waliondoka. Waliolinda ukuta ule pamoja na wana wao walifukuzwa ndani yake kabla hata ya robo karne kupita. Sijui kama viongozi wa matembezi huwaambia wageni jambo hili mbele ya magofu. Mimi ningelisema hapo, wala si mahali pengine.

Wayahudi walirudishwa na Mwislamu. Sultani Suleimani aliuteka mji mwishoni mwa mwaka 1522, na chini ya utawala wake familia za Kiyahudi zililetwa kutoka Salonika. Watu hao walikuwa wazao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na wafalme Wakatoliki. Walikuja na lugha yao, Kihispania cha kale kiitwacho Ladino, wakaisema nyumbani, sokoni na katika nyimbo za kubembelezea watoto kwa muda wa karne nne. Ndiyo sababu barabara kuu ya mtaa, iliyo pana kidogo kuliko vichochoro vingine, waliiita Calle Ancha, yaani njia pana.

Hapa nirudi kwenye kosa langu la pili. Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo, sura ya 15. Humo imo barua ambayo Waroma waliiandika zaidi ya miaka 130 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, wakiwaonya wafalme na nchi mbalimbali wasiwadhuru Wayahudi. Na katika orodha ya mahali ilikopelekwa, Rhodes imetajwa. Maana yake ni kwamba Wayahudi walikuwa wamekwisha kuenea katika visiwa na miji ya Bahari ya Kati muda mrefu kabla ya Pilato kuketi penye kiti cha hukumu. Katika karne ya 12 Benyamini wa Tudela, Myahudi msafiri kutoka Hispania, aliwakuta Rhodes wapatao 400. Ni babu yupi, basi, wa mfanyabiashara wa Elisabethville niliyekuwa nikimshtaki mbele ya kijana yule? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikwisha kufundisha kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Mimi nilizaliwa baada ya tamko hilo, nikapewa cheti cha katekista baada yake, na bado nilijibu kama mtu ambaye hajalisikia.

Tuendelee. Kutoka uwanja wa mtaa tunaingia kichochoro cha Dossiadou, kilichotandikwa kokoto. Hapo ndipo ilipo sinagogi ya Kahal Shalom, yaani Jamaa ya Amani. Chemchemi iliyo uani ina maandishi ya mwaka 1577, na hakuna sinagogi nyingine nchini Ugiriki inayotumika mpaka leo ambayo ni ya zamani kuipita. Sakafu yake ni ya kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa kwa michoro, kama zilivyo nyua nyingi za kisiwa hicho. Jukwaa la kusomea Torati liko katikati ya watu, si mwishoni mwa nyumba. Ukutani, pande mbili za mlango unaotokea uani, yamewekwa makabati mawili ya hati takatifu, wakati kwa kawaida sinagogi huwa na moja. Vyumba vilivyo kando, ambamo wanawake walisali zamani wakifuata ibada kupitia matundu ya ukuta, sasa ni jumba la makumbusho: picha za arusi, nguo, vitabu vya sala, barua.

Maisha yao chini ya Waturuki yalikuwa na utulivu kwa jumla, ila hayakukosa hofu, na hofu kubwa ilitoka kwa Wakristu. Mwezi Februari 1840 mtoto mmoja wa Kigiriki alipotea. Uvumi ukaenea kwamba Wayahudi wamemchinja ili kutumia damu yake katika sikukuu. Baadhi ya makonseli wa Ulaya, watu wenye elimu, waliuunga mkono uvumi huo. Watu walikamatwa wakateswa. Mtaa ukafungwa, chakula kisiingie, kwa siku kumi na mbili. Baada ya miezi kadhaa washtakiwa walionekana hawana hatia, na Sultani akatoa amri kwamba shtaka hilo la damu ni uongo. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo watoto na vikongwe wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi hatuhitaji maelezo mengi ili kuelewa jinsi mtaa mzima unavyoweza kufungwa kwa neno moja.

Mbele kidogo kulikuwa na shule ya Alliance Israélite, chama cha Wayahudi wa Ufaransa kilichofungua shule katika nchi nyingi za Mashariki. Jengo liliharibiwa na mabomu wakati wa vita, kwa kuwa ndege za Waingereza zililenga bandari na Juderia iliguswa vibaya. Shule hiyo inatuhusu sana. Ndani yake watoto wa Rhodes walijifunza Kifaransa. Kisiwa kilikuwa maskini, na baada ya Italia kukitwaa mwaka 1912 vijana walizidi kuondoka: wengine Marekani na Argentina, wengine Rhodesia. Reli kutoka Rhodesia ilikuwa imefika Elisabethville mwaka 1910. Kijana wa Kiyahudi aliyejua Kifaransa, aliyekuwa na mjomba Rhodesia na asiye na mtaji, aliona Katanga kuwa mahali panapofaa. Kwa hiyo wengi hawakuja na Wabelgiji. Walikuja kutoka kusini kwa treni, mmoja akimwita ndugu yake na ndugu akimwita mchumba. Walifungua maduka ya nguo na ya bidhaa ndogo ndogo, wakaenda mpaka vijijini kununua na kuuza. Baba wa Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, alikuwa mmoja wa watu hao wa Rhodes, akifanya biashara ya samaki kando ya ziwa Mweru.

Mwaka 1937 jamaa hiyo ya Elisabethville ilimpata rabi kijana, Moïse Lévy, aliyesoma katika chuo cha marabi cha Rhodes. Alikaa Kongo mpaka mwaka 1991. Mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake kisiwani, serikali ya Mussolini ilitangaza sheria za ubaguzi wa rangi: chuo kikafungwa, na Wayahudi waliohamia kisiwani baada ya mwaka 1919 wakaamriwa kutoka. Hata wafu walihamishwa, maana makaburi ya Kiyahudi yaliyokuwa nje ya kuta yaliondolewa na kupelekwa mbali na mji. Wakati huo walioondoka walidhani wamepoteza nyumba zao tu.

Tumerudi uwanjani. Leo unaitwa Uwanja wa Mashahidi Wayahudi. Kuna chemchemi yenye sanamu za farasi wa baharini, mikahawa, na meza za watalii. Chini ya miti limesimama jiwe jeusi lenye pande sita, kila upande umeandikwa lugha yake, mojawapo ikiwa Ladino. Linawakumbuka watu 1,604 wa Rhodes na wa kisiwa jirani cha Kos.

Wajerumani walikishika kisiwa mwezi Septemba 1943. Mwezi Julai 1944, huku majeshi ya Marekani na Uingereza yakiwa yamekwisha kuingia Roma na kushuka Normandie, wanaume Wayahudi waliitwa wafike na vitambulisho vyao. Kisha wanawake na watoto wakaamriwa kuwafuata pamoja na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 Julai, siku ya Jumapili, waliongozwa kwa miguu hadi bandarini. Ving'ora vya ndege vilipigwa, ingawa hakukuwa na ndege, ili wakaaji wengine wakae ndani wasione. Wakapakiwa katika vyombo vya kubebea shehena, wakapelekwa Pireo, na kutoka Athene wakatiwa katika mabehewa ya treni. Walifika Auschwitz tarehe 16 Agosti. Waliorudi hai walikuwa kama 150.

Konseli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, kijana Mwislamu mwenye umri wa miaka 30, alikwenda kwa kamanda wa Kijerumani na kudai waachiliwe wote wenye uraia wa Uturuki, pamoja na wake na waume zao. Aliokoa zaidi ya watu arobaini. Hati za Torati zilikuwa zimekabidhiwa Mufti wa Rhodes azifiche, naye akazitunza mpaka vita vilipokwisha.

Huko Elisabethville habari zilifika kidogo kidogo. Mtu aliyekuwa ameondoka kwao kutafuta riziki, akituma fedha kila mwezi kwa mama yake Juderia, aligundua kwamba hana mtu wa kumwandikia tena. Katika sinagogi ile ya mwaka 1930 waliombolezewa watu ambao sisi, majirani, hatukupata kusikia majina yao. Kisha, mwaka 1973, zilipokuja amri za kuzifanya mali za wageni kuwa za Wazairwa, wengi wao waliobaki walifunga maduka na kwenda Ubelgiji, Afrika Kusini au Israeli.

Rhodes yenyewe imebaki na Wayahudi wachache mno. Wakati wa kiangazi Kahal Shalom hujaa kidogo: wajukuu wanakuja kutafuta nyumba ya nyanya yao katika vichochoro, na kati ya wazee wanaokuja nao wapo waliozaliwa Elisabethville.

Kijana aliyeniuliza alihamia Kolwezi kabla sijalirekebisha jibu langu.