Kisu cha paipai na swali la mama mdogo



Wale waliokulia upande wa Mangina, Oicha ao Mutwanga watanielewa haraka. Koko wangu alikuwa na shamba la mapaipai karibu na Mangina. Asubuhi mapema, jua likiwa bado halijawa kali, alipita mti kwa mti na wembe uliofungwa kwenye fito, akichora mistari myembamba juu ya paipai mbichi. Maziwa meupe yalidondoka juu ya kitambaa kilichotandazwa chini ya mti. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kukwangua yale yaliyoganda. Kila siku koko alipiga kelele: "Musipanguse macho na ile mikono! Ile maziwa inakulaka nyama!" Jioni vidole vyetu vilikuwa vyekundu, vinauma. Unga wake uliokaushwa ulinunuliwa na wafanyabiashara wa Beni na Butembo, ukaenda Ulaya, na franga zake ndizo zilinisomesha.

Koko hakusoma kemia, lakini alisema kweli. Ndani ya yale maziwa kuna papaini, na papaini ni enzimu, yaani kimeng'enya: protini yenye kazi ya kukata protini zingine. Ndiyo sababu inalainisha nyama ngumu, na viwanda vya bia viliitumia ili bia isiwe na ukungu ikiwekwa kwenye baridi. Jina papaini lilitolewa huko Paris mwaka 1879 na mwanakemia Adolphe Wurtz pamoja na daktari Bouchut. Mwaka 1937, Balls na Lineweaver huko Marekani walifaulu kuigandisha iwe kristali.

Kwa nini kristali? Kwa sababu molekuli moja ni ndogo mno, hakuna darubini ya kawaida itakuonyesha umbo lake. Lakini ndani ya kristali molekuli zimepangwa kama matofali ndani ya tanuru, mstari kwa mstari. Ukipitisha miale ya X, inatawanyika na kuacha madoa kwa mpangilio fulani, na kwa hesabu ndefu unarudi kutoka kwenye madoa mpaka kwenye umbo. Mwaka 1968, Jan Drenth na wenzake huko Groningen, Uholanzi, walitoa umbo la papaini: mnyororo wa asidi amino 212 uliokunjwa ukawa vipande viwili, na katikati yake mfereji. Ndani ya mfereji, kwenye nafasi ya 25, kuna sisteini yenye salfa. Ile salfa ndiyo makali ya kisu. Ndiyo iliyokuwa inachoma vidole vyetu.

Sasa, mwili wa mtu nao uko na visu vya ukoo ule ule. Vinaitwa katepsini, na vinafanya kazi katika vyumba vidogo ndani ya seli, mahali ambapo protini zilizochakaa zinakatwakatwa. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walipata ndani ya ukungu wa Aspergillus japonicus molekuli ndogo waliyoiita E-64, inayozima papaini. Mwaka 1997 Wajapani wengine walitoa umbo la katepsini L ya binadamu ikiwa imefungana na E-64. Hapo unaona wazi: mfereji uko pale pale, sisteini iko kwenye nafasi ya 25 kama ya paipai, na E-64 imelala ndani ya mfereji ikishikana na ile salfa. Kisu kimefungwa, hakikati tena.

Miaka yangu ya iniversite nilisoma hizi mambo kwa ajili ya mtihani, nikapata pointi zangu, basi.

Halafu ikaja tarehe 1 Agosti 2018. Serikali ilitangaza Ebola, na jina la kwanza tulilosikia lilikuwa Mangina, kwetu kwenye mapaipai. Ikafika Beni, ikafika Butembo na Katwa. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 walikufa. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Batu ya riposti walipita na magari yao, na vijana wakawarushia mawe. Kila kona ulisikia: "Ebola haiko, ni biashara ya bakubwa."

Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wa waliosema vile. Siku moja akaniuliza mbele ya familia: "Wewe mwenye kusoma, hiyo kadudu inaingiaka namna gani mu mwili, na haiko na meno?" Nilicheka. Nikamjibu kwamba ni mambo ya wataalamu, anawe tu mikono. Aliugua mwaka 2019. Alikaa nyumbani siku nyingi, na tulipokubaliana kumpeleka kwenye kituo, ilikuwa imechelewa.

Swali lake lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limechapishwa tangu 2005. Watafiti wa Boston walionyesha, kwa kutumia seli kwenye maabara, kwamba kirusi cha Ebola kikishamezwa na seli kinafungiwa ndani ya kale kachumba, na pale katepsini B na L zinakata protini ya ganda lake. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba kikishakatwa ndipo kinashikana na protini ya seli inayoitwa NPC1, na mlango unafunguka. Mama mdogo alikuwa amesema vizuri: hakina meno. Kinatumia meno yetu.

Mtu ataniuliza: basi E-64 na ndugu zake ndiyo dawa? Hapana, na hapa lazima tuseme ukweli wote. Kwenye seli za maabara, molekuli za namna hiyo zilizuia kirusi kuingia. Lakini mwaka 2012 panya waliokosa katepsini B ao katepsini L walipewa Ebola, na walikufa kama wengine. Kisu kimoja kikikosekana, kirusi kinapata njia ingine. Picha nzuri ya kristali inaonyesha mahali pa kushika, haihakikishi kwamba mgonjwa atapona. Na tafadhali, mtu asianze kunywesha watu maziwa ya paipai. Yale hayazuii katepsini. Yenyewe ni kisu, yatachoma koo lako bure.

Dawa ilipatikana kwa njia ingine. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa nne huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Zilizoshinda ni kingamwili: mAb114, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, na REGN-EB3. Kati ya waliopewa hizo, karibu theluthi moja walikufa. Kwa zile mbili zingine ilikuwa karibu nusu.

Na hata hapo paipai iko. Mwaka 1959, Rodney Porter huko London alitaka kujua kingamwili imejengwa namna gani. Aliikata kwa papaini, ikagawanyika vipande vitatu: viwili vya kushika adui, kimoja cha kuita msaada. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 1972, pamoja na Gerald Edelman. Kila anayetengeneza dawa ya kingamwili leo anaanza na ujuzi ule.

Siandiki ili nilaumu wazungu kwamba walichukua unga wetu. Waliulipia, na mimi nilisoma. Nasikitika kwamba sisi tuliosoma, wenye kujua kisu kile kwa vidole na kwa vitabu, hatukufungua kinywa wakati watu wetu walikuwa wanauliza. Tuliwaachia wageni kujibu, kwa Kifaransa.

Sasa nafundisha biolojia. Nikifika kwenye somo la enzimu, ninaleta paipai bichi darasani, ninalichora kwa wembe, kisha ninawapa wanafunzi swali la mama mdogo. Hatutoki kabla halijajibiwa.